Mwenyeji na Manamba: Habari za Nyumba katika Nchi ya Rudewa

Katika Kiswahili mtu akaaye mahali huitwa mwenyeji, na ndani ya neno hilo mna mwenye na mji, kana kwamba kukaa na kumiliki ni jambo moja. Historia ya makazi ya Rudewa, katika wilaya ya Kilosa, yaonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyotengana.

Nyumba za bara zilianza kuhesabiwa na serikali kwa ajili ya kodi. Wadachi waliitoza tangu mwaka 1898, na Waingereza wakaweka sheria yao mwaka 1922. Siku hizo hapakuwa na shaka juu ya mwenye nyumba: aliyeijenga kwa miti, udongo na nyasi ndiye aliyekaa ndani yake, naye ndiye aliyelipa.

Mkonge ndio uliobadili mambo. Mmea huo uliletwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893, na baadaye mashamba yake yakaenea toka Tanga hata kando ya reli ya kati, yakafika Kimamba na Rudewa. Wenyeji wa Kilosa, yaani Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, walikuwa na makonde yao ya chakula, wala wengi wao hawakuona sababu ya kuyaacha. Kwa hiyo matajiri wa mkonge walitafuta watu wa mbali: Wabena, Wangoni, Wanyamwezi, Waha na wengineo. Kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama cha kuwaandika na kuwasafirisha, kikajulikana kwa jina la Silabu.

Manamba alipewa chumba kambini, nacho kilifuatana na kipande chake cha siku 30 za kazi. Kazi ikikoma, chumba nacho kimekoma. Basi kambi iliweza kujaa watu bila ya kuwa na mwenye nyumba hata mmoja miongoni mwao. Na ilipobaki tupu, haikustahili kuitwa hame. Maana hame ni mji ulioachwa na wenyewe, na kambi haikuwa na wenyewe waliokaa humo.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na katika miaka iliyofuata mengi yalifungwa. Manamba wengi hawakurudi kwao. Walizaa, walizika, walilima pembeni mwa mkonge uliosahauliwa. Lakini ardhi ya shamba ilikuwa imetolewa kwa hati, pengine ya miaka 99, na jina lililoandikwa katika hati halikuwa lao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 humtambua mwanakijiji kwa haki ya kimila. Bali shamba lenye hati si ardhi ya kijiji mpaka hati hiyo ifutwe.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo 14,348,372 katika Tanzania nzima. Hesabu yaweza kusema nyumba ina watu au ni tupu. Lakini mjukuu wa manamba, aliyezaliwa katika chumba kile kile cha kambi, hulala ndani ya nyumba iliyojaa, wala hana hakika kama ni mwenyeji.