Shauri, Hamsa Ishirini na Nakala ya Hukumu: Lugha ya Mahakama katika Ujiji na Katubuka

Wanaoandika juu ya kurekebisha sheria za jinai hushughulika zaidi na polisi, magereza na mahakimu. Lugha huachwa nyuma, kana kwamba haikushiriki. Historia ya ufuko wa Ziwa Tanganyika yaonyesha vingine.

Katika Ujiji ya Mwinyi Kheri, aliyetambuliwa na Sultani Barghash kuwa liwali, Kiswahili kilikwisha kupata maneno ya hukumu kutoka Kiarabu: jinai, shahidi, hatia, dhamana. Waha nao walikuwa na mabaraza yao chini ya mwami. Wajerumani walipoweka boma Ujiji mwaka 1896, hawakuleta neno lao la kusikiliza kesi. Walichukua neno shauri, wakaliandika Schauri katika taarifa zao, nalo likawa jina la kikao ambacho mkuu wa boma alisikiliza, alihukumu na kuamuru adhabu. Hivyo neno la kushauriana likapewa kikao ambacho kauli ya mwisho ilikuwa ya mtu mmoja. Amri ya Chansela ya tarehe 22 Aprili 1896 iliweka ukomo wa viboko 25 kwa mara moja. Watu wakaiita adhabu hiyo hamsa ishirini, na jina likadumu kuliko dola iliyolizaa.

Wabelgiji walishika Kigoma mwaka 1916, wakaiacha kwa Waingereza mwaka 1921. Sheria ya 1929 iliziondoa mahakama za wenyeji katika usimamizi wa Mahakama Kuu, ikaziweka chini ya maofisa wa utawala. Huko chini mashtaka yalisemwa kwa Kiswahili. Huko juu sheria iliandikwa na kufasiriwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa alielewa kosa aliloambiwa, lakini hakuweza kuisoma sheria iliyompima.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha ngazi hizo, na Kiswahili kikawa lugha ya Mahakama ya Mwanzo. Lakini mwaka huo huo sheria ya viwango vya chini vya adhabu iliweka viboko 24 kwa makosa kadhaa, 12 mfungwa aingiapo gerezani na 12 atokapo: pungufu ya kimoja tu kwa hamsa ishirini. Uhuru ulibadili lugha ya baraza la chini upesi kuliko mkono wa mwenye kupiga.

Mkazi wa Katubuka, kata iliyo katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, aliweza basi kujitetea kwa lugha yake mahakama ya mwanzo. Akikata rufaa, shauri lake lilipanda ngazi na kubadilika ulimi. Kwa miaka mingi rufaa ya Mahakama Kuu ilikwenda Tabora, na hukumu ilirudi kwa Kiingereza. Aliyefungwa alihitaji mtu wa kumsomea sababu za kufungwa kwake.

Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, na Kiingereza kikaruhusiwa pale haki itakapokihitaji. Mwaka 2023 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilitoa taarifa yake kuhusu taasisi za haki jinai. Istilahi hiyo yenyewe yastahili kutazamwa. Majina mawili yamewekwa pamoja bila kiunganishi, na asiyeizoea aweza kuuliza: ni haki ya nani, ya mkosaji au ya aliyekosewa?