Kutoka Lipu ya Chokaa hadi Bodi ya Jipsamu: Mabadiliko ya Lengo la Kuandaa Ukuta kwa Karatasi za Mapambo nchini Marekani

Historia ya karatasi za mapambo ya ukutani huandikwa zaidi kwa kufuata michoro, rangi na viwanda. Ukuta wenyewe hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, kazi inayotangulia ubandikaji nayo ina historia yake. Sehemu hii inajenga hoja kwamba kuenea kwa bodi za jipsamu nchini Marekani katika karne ya 20 kuligeuza lengo la kazi hiyo. Maandalizi yaliyokuwa yakifanywa ili karatasi ishike yalianza kufanywa pia, na pengine zaidi, ili karatasi iweze kubanduliwa.

Katika karne ya 19, kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani zilikuwa za fito nyembamba za mbao zilizopigwa lipu ya chokaa na mchanga, mara nyingi kwa tabaka tatu. Lipu hiyo ilihitaji majuma kadhaa kukauka. Ukuta mpya ulifyonza upesi maji ya gundi, na ukali wa chokaa changa uliweza kuharibu rangi za karatasi. Kwa hiyo fundi alisubiri ukuta ukomae, kisha akaupaka gundi nyepesi iliyotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ilipunguza ufyonzaji, na gundi ya unga wa ngano iliyopakwa nyuma ya karatasi ikapata muda wa kushika. Karatasi ilipochakaa ililoweshwa na kukwanguliwa, na lipu ngumu iliyokuwa chini yake kwa kawaida ilistahimili.

Mwaka 1894 Augustine Sackett alipata hataza ya bodi iliyounganisha tabaka za karatasi na jipsamu. Hapo awali bodi hiyo ilichukua nafasi ya fito, nayo lipu ikapigwa juu yake. Kampuni ya United States Gypsum iliinunua kampuni ya Sackett mwaka 1909, na katika miongo iliyofuata bodi zikawa ukuta kamili usiohitaji lipu. Uhaba wa nyumba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia uliharakisha mabadiliko hayo. Huko Levittown, New York, zaidi ya nyumba 17,000 zilijengwa kati ya 1947 na 1951, na bodi hizo zilikuwa sehemu ya mbinu iliyowezesha kasi hiyo.

Hata hivyo, muda uliookolewa na mjenzi uliweza kugeuka gharama kwa mkazi. Uso wa bodi ni karatasi. Karatasi ya mapambo ikibandikwa moja kwa moja juu yake, gundi hupenya na kuzishikamanisha karatasi zote mbili. Siku ya kubandua, uso wa bodi huchanika na jipsamu laini hubaki wazi. Aidha, maungio na vichwa vya misumari hufunikwa kwa pati, ambayo hufyonza maji tofauti na karatasi inayoizunguka. Hivyo gundi hukauka bila ulinganifu.

Kutokana na hali hiyo, utaratibu mpya ulihitajika: pati iachwe ikauke kabisa, isuguliwe kwa msasa, vumbi lifutwe, kisha ukuta mzima upakwe praima na kuachwa ukauke. Gundi nyepesi ya zamani haikutosha peke yake, kwa kuwa huyeyuka katika maji na kuyaruhusu kuufikia uso wa bodi wakati wa kubandua.

Kwa kuhitimisha, praima ni kazi isiyoonekana mara karatasi inapobandikwa. Anayeiruka huokoa siku moja, ilhali hasara huonekana baada ya miaka mingi, mara nyingi mikononi mwa mkazi mwingine. Hivyo basi, historia ya makazi inayopima maendeleo kwa kasi ya ujenzi pekee huacha nje sehemu ya hesabu, yaani gharama iliyoahirishwa na mtu aliyeachiwa kuilipa.