Gono, buba na zahanati za Mwanza

Wiki hii semina ya historia kila mtu aliambiwa alete mada ya historia ya jamii, na kama mnavyotujua, nusu ya darasa wameleta Maji Maji. Mimi nikaleta gono. Walicheka weee mpaka mhadhiri akagonga meza. Sasa kwa kuwa niliishiwa muda pale mbele, yaliyobaki nayamalizia hapa.

Tuanze na majina. Huku hosteli watu wanasema gono, na ukimwi wanauita ngoma au miwaya. Kwetu Mikindani wazee kaswende wanaiita sekeneko, na kijana akianza kutembea miguu upande watakwambia kashikwa na tego, maana yake katembea na mke wa mtu aliyewekewa dawa. Mnaona hiyo? Tego siyo jina la ugonjwa tu, ni hukumu. Ukisema unaumwa umeshakiri kosa, kwa hiyo husemi. Unaenda kwa mganga usiku.

Msidhani ni wazee wetu tu waliofikiri hivyo. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Waingereza, Kanali Lambkin, aliandika kwamba sehemu kubwa ya Waganda wana kaswende, na moja ya sababu alizotoa ni kwamba wanawake wameachiwa uhuru mno. Hospitali ya Mulago pale Kampala, ambayo leo kila mtu anaijua, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Tatizo ni kwamba hesabu za Lambkin zilichanganya kaswende na buba. Vijidudu vya magonjwa haya mawili ni ndugu wa damu, kwenye hadubini huwezi kuvitofautisha, ila buba huambukizwa kwa kugusana ngozi tu, hasa watoto wakicheza. Yaani taifa zima lilisemwa tabia wakati wengine walikuwa na vidonda vya utotoni!

Sasa linganisheni na huku kwetu Kusini. Miaka ya 1920 wamisionari wa Masasi walipoanza kuchoma sindano za buba, watu walifurika. Wale wale ambao walikuwa na waganga wao, jando lao na unyago wao, walitembea kwa miguu kufuata sindano. Kwa nini? Mimi naona ni mambo mawili tu: vidonda vilikauka wakaviona kwa macho, na hakuna aliyewauliza ulilala na nani.

Turuke miaka mingi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi Tanzania waligundulika Kagera, enzi ambazo watu kule waliuita Juliana, jina la mashati ya magendo. Kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa, Mtwara ikiwemo. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo. Kilichokuwepo ni mabango na mahubiri.

Hapo ndipo inaingia Mwanza, na hii ndiyo sehemu niliyotaka darasa lisikie. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa NIMR, AMREF na chuo kimoja cha London walichukua jamii 12 za vijijini wakazipanga jozi sita. Katika kila jozi, upande mmoja zahanati ziliboreshwa: wahudumu wakafundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili bila kusubiri maabara, dawa zikahakikishwa hazikatiki, na msimamizi akawa anapita. Upande wa pili ukabaki ulivyo kwa muda. Wakafuatilia watu kama 12,500 wa miaka 15 hadi 54. Wazo lilikuwa rahisi: kidonda ni mlango wazi, na usaha wa gono unakusanya chembe zile zile ambazo VVU inazitafuta. Ziba mlango uone.

Baada ya miaka miwili, penye zahanati nzuri maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2, kwingine 1.9. Punguzo la karibu asilimia 40, likachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1995. Na sikilizeni hili: walipoulizwa kuhusu mambo ya mapenzi, watu wa pande zote mbili hawakuwa wamebadilika. Tabia ile ile. Kilichobadilika ni kabati la dawa na mtu anayekupokea.

Sitaki kuwadanganya, mambo hayakuishia vizuri hivyo. Rakai, Uganda, walijaribu njia nyingine, kugawa dawa nyumba kwa nyumba kila miezi 10, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba VVU haikupungua. Wataalamu walibishana sana. Kule virusi vilikuwa vimeshasambaa zaidi, na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo antibayotiki haiyagusi, yalikuwa mengi. Tena kugawa dawa mara moja kwa muda mrefu siyo sawa na zahanati iliyo wazi kila siku.

Halafu likaja la kwetu walimu. MEMA kwa Vijana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, Mwanza hiyo hiyo, jamii 20. Walimu wakafundisha darasa la tano hadi la saba, ila kuonyesha kondomu darasani hawakuruhusiwa. Ujuzi wa vijana ulipanda, mitihani wangefaulu wote. Walipopimwa 2007 na 2008, vijana 13,814 wa miaka 15 hadi 30, hakukuwa na tofauti ya VVU wala malengelenge kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Malengelenge yalikuwa kwa asilimia 41.4 ya wasichana na 25.9 ya wavulana.

Rafiki zangu wa kitivo cha elimu hawakupenda niliposoma hayo. Mmoja akasema basi tusifundishe. Hapana bwana, tufundishe, ila mwanafunzi akitoka darasani amkute nani? Mbona sisi wenyewe tunaojua kila kitu tunaenda duka la dawa kununua kapsuli, nusu unameza, nusu unampa mshikaji? Wakati gono imeshazoea penisilini na siprofloksasini. Na dada uliyemwambukiza huenda hasikii maumivu yoyote, mpaka siku atakapotafuta mtoto asipate.

Mpaka 2019 aliye chini ya miaka 18 hakuruhusiwa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Sheria ikabadilishwa, sasa ni miaka 15. Hao ndio kidato cha pili nitakaowakuta kwenye TP, na somo nililopangiwa ni Historia, kipindi cha mwisho.