Pembe Zilizotiwa Moto

Msomaji, ndovu hajui mpaka. Hutoka Amboseli akaingia Tanzania bila kuuliza ni bendera gani ipepeayo huko. Pembe zake nazo, zikiisha kung'olewa, huvuka bahari. Kwa sababu hiyo ulinzi wake haukuweza kuwa kazi ya taifa moja.

Yakadiriwa kwamba katika mwaka wa 1973 Kenya ilikuwa na ndovu wapatao 167,000. Ulipofika mwaka wa 1989 walisalia 16,000 hivi. Askari wa wanyama walipambana na majangili porini, na baadhi yao walipoteza maisha. Lakini maadamu mnunuzi wa ng'ambo alikuwa na fedha mkononi, alipokamatwa jangili mmoja, mwingine alishika mahali pake.

Mwaka ule ule wa 1973, wajumbe wa nchi 80 walikutana Washington wakaafikiana juu ya mkataba wa kusimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mkataba huo, uitwao CITES, ulianza kutumika mwaka wa 1975. Mwanzoni pembe za ndovu ziliruhusiwa kuuzwa kwa vibali. Huo ndio uliokuwa udhaifu wake, kwa kuwa pembe za wizi zilichanganywa na za halali.

Tarehe 18 Julai 1989, Rais Daniel arap Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi. Je, huo ulikuwa upotevu wa mali? Lipime jambo hili mwenyewe: pembe iuzwayo leo humtia jangili tamaa ya kuua kesho. Oktoba mwaka ule, huko Lausanne, Uswisi, wanachama wa mkataba waliamua kuipiga marufuku biashara ya pembe baina ya mataifa.

Usidhani kwamba wote waliridhika. Zimbabwe na Botswana zilisema kuwa ndovu wao walikuwa wengi, na kwamba fedha za pembe zingesaidia kuwatunza. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na mauzo machache yaliruhusiwa mwaka wa 1999 na wa 2008. Hata hivyo, ujangili ulizidi tena katika miaka iliyofuata. Mwishoni mwa mwaka wa 2017, China, iliyokuwa soko kubwa kuliko yote, ilifunga biashara yake ya ndani.

Basi, usomapo habari za mikataba, usiridhike kujua ni nani waliotia sahihi. Uliza pia ni mlango gani uliofungwa, na ni upi ungali wazi.