Ziwa lililohamisha miungu

Mgeni akishuka kwenye boti chini ya Hekalu la Wenwu, katika Ziwa Jua na Mwezi nchini Taiwan, hupanda vidato 366 kabla ya kufika mlangoni. Kila kidato kina tarehe yake, na kandokando watu wamening'iniza vikengele vyenye dua zao. Wengi hutafuta siku waliyozaliwa, hupiga picha, kisha huendelea kupanda. Mahekalu mawili yaliyozaa hekalu hili yalikuwa kule chini ufukweni, ambako sasa ni maji matupu.

Ziwa liko Nantou, katikati ya milima, mita 748 juu ya usawa wa bahari. Upande wake wa mashariki ulifanana na jua, wa magharibi na mwezi mwandamo. Mwaka 1919 Wajapani, waliokuwa wakiitawala Taiwan, walianza mradi wa kuchepusha Mto Zhuoshui na kuupitisha kwenye mahandaki hadi ziwani ili wazalishe umeme. Fedha ziliwaishia, kazi ikasimama kwa miaka, na kituo cha umeme kikakamilika mwaka 1934. Maji yakapanda. Mahekalu ya ufukweni yakaondolewa, na mwaka 1938 miungu yake ikajengewa makao mamoja mlimani.

Miungu ilipata pa kuhamia. Na Wathao je?

Hawa ndio wenyeji. Husimulia kwamba wazee wao, wakiwa mawindoni, walimfukuza paa mweupe siku nyingi mpaka akawafikisha kwenye ziwa lililojaa samaki, wakahamia hapo. Mizimu yao hukaa Lalu, kisiwa kidogo kilicho katikati ya ziwa. Nyumbani hutunza kikapu cha nguo za waliotangulia, na mwanamke anayetaka kazi ya kusema na mizimu huenda kwanza Lalu kuomba kibali. Mwaka wao mpya, unaoangukia mwezi wa nane wa kalenda ya Kichina, hutanguliwa na mlio wa michi: wanawake huyazunguka mawe na kuyatwanga kwa zamu hadi sauti ziwe wimbo.

Maji yalipopanda, sehemu kubwa ya Lalu ilizama na Wathao wakahamishwa. Baada ya Wajapani kuondoka mwaka 1945, serikali mpya ilikiita kisiwa Guanghua, na baadaye kikajengwa kibanda cha mungu wa ndoa, mgeni kabisa kwa mizimu ya pale. Kwangu mimi, hilo lilikuwa kosa zito kuliko mradi wenyewe wa umeme.

Majengo mengine yalifuata kandokando ya ziwa. Hekalu la Xuanzang, la mwaka 1965, linahifadhi kipande cha fuvu la mtawa mwenye jina hilo, aliyerudi China kutoka India mwaka 645 akiwa na maandiko 657. Wajapani walikichukua Nanjing wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikaletwa Taiwan mwaka 1955. Mnara wa Ci'en, wenye mita 46, ulijengwa mwaka 1971 na Chiang Kai-shek, rais wa wakati huo, kumkumbuka mama yake.

Usiku wa Septemba 21, 1999, tetemeko liliua zaidi ya watu 2,400 kisiwani Taiwan. Wenwu lilibomoka, likajengwa upya. Kibanda cha ndoa nacho kilianguka, lakini hakikurudishwa, na kisiwa kikapewa tena jina la Lalu. Mwaka 2001 serikali iliwatambua Wathao kuwa kabila linalojitegemea. Hawafiki hata elfu moja.

Ukijaaliwa kufika huko, panda ngazi za Wenwu, lakini uanze kwa kukitazama kisiwa kile kidogo, na ukiite kwa jina lake.