Karafuu Ndani ya Chakula cha Broila: Tulifikaje Hapa?

Hebu fikiria: ni Krismasi ya 1948, katika maabara ya kampuni ya Lederle, Pearl River, jimbo la New York. Wengine wako nyumbani wanakula sikukuu. Thomas Jukes yuko kazini, anapima uzito wa vifaranga.

Yeye na mwenzake Robert Stokstad walikuwa wanatafuta chanzo rahisi cha vitamini B12. Wakawalisha vifaranga makapi yanayobaki baada ya kutengeneza dawa ya Aureomycin. Vifaranga wakakua haraka mno, kuliko vitamini peke yake ingeweza kueleza. Kumbe makapi yale yalikuwa bado na antibayotiki yenyewe!

Habari ilipotangazwa mwaka 1950, wafugaji waliichangamkia. Kuku wasioumwa wakawa wanakula dawa kidogo kidogo kila siku. Shida ni kwamba dozi ndogo huua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu wazaliane. Mwaka 1969 kamati ya Swann huko Uingereza ilishauri kwamba dawa zinazotibu watu zisitumike kukuza mifugo. Sweden ikapiga marufuku ukuzaji wa aina hiyo 1986. Mwaka 1995 Denmark ikaikataa avoparcin, ndugu wa vancomycin, dawa ambayo hospitali huitegemea nyingine zinaposhindwa. Tarehe 1 Januari 2006, Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kabisa.

Hapo ndipo mafuta ya mimea yalipopata nafasi kubwa: oregano yenye kavakroli, taimu yenye timoli, karafuu yenye eujenoli. Hii ya mwisho siyo ngeni kwetu. Ni harufu ileile ya makonyo yanayokamuliwa mafuta kiwandani Pemba.

Yanafanyaje kazi? Hulegeza utando wa seli ya bakteria, vilivyomo ndani vikavuja. Kwenye kioo cha maabara inapendeza kuona. Ndani ya kuku mambo hubadilika. Joto la kutengeneza chakula cha punje hurusha sehemu ya mafuta hewani, na mengine hufyonzwa mapema kabla hayajafika mwisho wa utumbo, wanakojaa bakteria. Halafu oregano ya shamba moja siyo sawa na ya shamba jingine. Ndiyo maana matokeo ya majaribio hupishana, na ndiyo maana watengenezaji wengi siku hizi huyafunika mafuta kwa tabaka la kinga.

Sasa turudi Sweden kidogo. Wafugaji wa kule hawakubadilisha chupa moja kwa nyingine tu. Walilazimika kuboresha mabanda, usafi na chakula, kwa sababu kwa miaka mingi dawa ilikuwa inaficha kasoro za banda.

Kwa hiyo, ukiuziwa mafuta ya mimea kama "mbadala wa antibayotiki", uliza kwanza: maranda ni makavu? Hewa inapita? Maji ni safi? Mafuta yanaweza kusaidia, lakini banda bovu hayaliponyi.