Peanuts (katuni)

Peanuts ni katuni ya magazeti ya Marekani iliyochorwa na Charles M. Schulz. Ilianza tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti saba; ya mwisho ilichapwa 13 Februari 2000, siku moja baada ya mchoraji kufariki. Jina lilichaguliwa na kampuni iliyoisambaza, na Schulz hakulipenda kamwe.

Linalostahili heshima kubwa kuliko yote ni kwamba alichora katuni 17,897 kwa mkono wake, bila msaidizi. Mbwa Snoopy alijitokeza siku ya tatu tu. Franklin, mtoto wa kwanza mweusi miongoni mwa wahusika, aliingia Julai 1968 baada ya mwalimu Harriet Glickman kumwandikia Schulz barua ya kuomba hilo. Mwaka uliofuata vyombo vya safari ya anga ya Apollo 10 viliitwa Charlie Brown, jina la mhusika mkuu, na Snoopy.

Wakusanyaji wa vitu vya Peanuts huthamini zaidi michoro halisi ya wino, kisha vitabu vya miaka ya 1950 na wanasesere wa kampuni ya Hungerford wa 1958. Mnunuzi awe macho: mwaka uliochapwa chini ya kikombe au mwanasesere mara nyingi ni wa hakimiliki ya mhusika, wala si wa kutengenezwa kwa kifaa, hivyo bidhaa yenye alama ya 1958 inaweza kuwa ya miongo ya baadaye. Asiyemudu bei hizo anaweza kusoma katuni zote katika juzuu zilizotolewa na kampuni ya uchapishaji ya Fantagraphics kati ya 2004 na 2016.